Gofu Ukingoni mwa Kivu: Mjadala wa Rusizi

Wilaya ya Rusizi, nchini Rwanda, haina uwanja wa gofu. Ina Ziwa Kivu, vilima vinavyoshuka moja kwa moja hadi majini, rasi zilizochongoka, kisiwa cha Nkombo mbele yake na mji wa Bukavu, Kongo, ng'ambo ya mto. Kwa sababu hiyo, swali la gofu linafaa kuulizwa sasa, kabla mkataba haujasainiwa na kabla uzio haujajengwa. Dalili zipo. Uwanja wa Kigali ulipanuliwa kuwa wa mashimo 18 kwa usanifu wa kampuni ya Gary Player, ukafunguliwa upya mwaka 2021. Ukingoni mwa Ziwa Muhazi, wilayani Rwamagana, tayari kuna klabu ya gofu ya Falcon. Serikali imeiweka Rusizi miongoni mwa miji sita inayopaswa kukua ili kuipunguzia Kigali mzigo, na mwambao wa Kivu, kutoka Rubavu hadi hapa, umepangiwa kuendelezwa kwa utalii. Mwekezaji akiitazama ramani hiyo, haitamchukua muda kuuona uzuri wa Rusizi.

Nimeupanga mjadala huu kwa sauti nne. Mtetezi ni kijana wa hoteli anayetaka gofu ije. Mvuvi ni mzee wa ushirika. Mchuuzi ni mama anayenunua sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, alfajiri na kuwavusha kwenda Bukavu. Mtaalamu amesomea udongo na maji. Sikuwapa majina, kwa kuwa kila mmoja anasema kwa niaba ya wengi. Mwishoni nitatoa msimamo wangu.

Mgeni na mpaka

MTETEZI: Wazee wangu, nianze na mgeni. Anatoka Kigali kwa ndege hadi Kamembe, hapa kwetu, au anakuja kwa barabara ya Huye. Anaingia msitu wa Nyungwe, anawaona sokwe, anatembea kwenye daraja linaloning'inia juu ya miti. Halafu anageuza gari. Akifika kwetu analala usiku mmoja, anakula sambaza, asubuhi hayupo. Tunamkosa kwa sababu hatujampa sababu ya kukaa. Mcheza gofu hukaa siku tatu, nne, na huja na familia. Mji wetu umeishi kwa mpaka miaka yote, na mpaka haututii. Mwaka 2020 ulifungwa kwa korona. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na kila mtu hapa anajua biashara ilivyoyumba. Tunahitaji riziki isiyotegemea daraja la Rusizi peke yake.

MCHUUZI: Mwanangu, hofu yako naijua, maana mimi ndiye niliyebaki na beseni mkononi siku daraja lilipofungwa. Lakini jiulize: mlio wa risasi ukisikika ng'ambo, nani anaondoka wa kwanza? Mgeni. Hoteli inabaki tupu kabla mimi sijakunja turubai langu. Mpaka ukifunguliwa hata kwa nusu siku, sambaza wanauzika, kwa sababu Bukavu lazima ile. Gofu haikuondoi kwenye hatari ya mpaka, inakuongezea nyingine juu yake.

MTETEZI: Mama, hatari mbili tofauti si sawa na hatari moja mara mbili. Mgeni wa kutoka Kigali havuki daraja. Mwenye shamba la chai la Shagasha hategemei Bukavu, wala kiwanda cha saruji cha Bugarama hakiishi kwa sambaza. Nataka tuongeze nguzo nyingine ya mji, sitaki tung'oe iliyopo.

MVUVI: Basi sema nguzo hiyo inasimikwa wapi. Hapo ndipo tutakapoelewana au kuachana.

Klabu mbili

MVUVI: Nyinyi wa mjini mnauona ukingo wa ziwa mchana, na mchana unaonekana mtupu. Njooni saa kumi na moja alfajiri. Mitumbwi inarudi mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu ya mkaratusi, na wavu katikati. Usiku kucha taa zimewaka juu ya maji kuwaita sambaza. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za jua. Wanaopiga makasia wanaimba ili mikono iende pamoja. Wakitia nanga, akina mama wameshajipanga na mabeseni. Kinachouzwa kibichi kinauzwa, kilichobaki kinaanikwa kwenye vichanja vya nyavu. Jua likichomoza vizuri kazi imekwisha, na mwekezaji anapofika na miwani yake ya jua, anaona nyasi na maji tu. Anaandika kwamba eneo halitumiki.

MTETEZI: Mzee, hakuna anayesema uvuvi ufe.

MVUVI: Haufi kwa kusemwa, unakufa kwa kukosa mahali pa kutia nanga. Na nikueleze jambo lingine. Unatuletea neno klabu kana kwamba ni geni. Klabu ni watu wenye uanachama, ada, kanuni na adhabu. Sisi tunavyo vyote. Ziwa hufungwa kila mwaka kwa takriban miezi miwili, mara nyingi kuanzia Agosti, ili samaki wazaane, na ni sisi tunaokaa nyumbani watoto wakitutazama. Nyavu za matundu madogo tumezipiga marufuku, na anayekutwa nazo zinachomwa. Sambaza wenyewe hawakuwepo hapa. Waliletwa kutoka Tanganyika mnamo 1959. Kwa miaka zaidi ya 60 tumejifunza kumtunza samaki mgeni hadi akawa chakula cha mikoa miwili. Kwa hiyo usije ukasema klabu inakuja mahali pasipo na klabu. Zinakutana klabu mbili, na ya kwanza kuwepo ni yetu.

MTAALAMU: Mzee amesema vizuri, ila tusiupambe uvuvi kupita kiasi. Nyavu haramu bado zinaingia ziwani usiku. Vijana wengi wa ushirika wanataka kwenda Kigali. Kulinda mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, ni jambo moja. Kudhani mwalo utawalisha watoto wote wa Rusizi ni jambo jingine. Wilaya ilikuwa na watu karibu 485,000 katika sensa ya 2022.

MVUVI: Nakubali. Ndiyo maana sijasema hapana. Nimeuliza wapi.

Ardhi ya nani

MTETEZI: Tazama Vipingo, pwani ya Kenya, karibu na Kilifi. Walijenga uwanja wa gofu ambao umewahi kupokea mashindano ya kimataifa ya wanawake. Walijenga juu ya ardhi iliyokuwa shamba la mkonge, kwenye mgongo wa kilima, bahari ikionekana kwa mbali. Kumbe gofu inaweza kuja bila kumsukuma mvuvi hata mmoja.

MTAALAMU: Mfano wako ni mzuri, na funzo lake liko kwenye mkonge. Mkonge ulikuwa wa mwenye shamba mmoja, kwenye eneo kubwa, bila familia za wakulima ndani yake. Niambie, hapa Rusizi shamba kama hilo liko wapi? Uwanja wa mashimo 18 hutaka hekta 50 hadi 60. Sensa ya 2022 ilikuta Rwanda ina watu 503 kwa kila kilomita ya mraba, na familia nyingi za wakulima hulima chini ya nusu hekta. Fanya hesabu: hekta 60 ni mashamba ya familia zaidi ya 120. Halafu kuna mteremko. Vipingo walikuwa na kilima kilicholala. Vilima vyetu vimesimama. Ili mpira usibingirike hadi ziwani, itabidi uchimbe, ukate, ujaze, usawazishe. Mvua za masika zikikukuta na udongo uko wazi, udongo wote huo utaishia Kivu.

MTETEZI: Kuna mashimo tisa pia. Si lazima tuige Kigali. Na kuhusu ardhi, sheria ya 2015 ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma inataka fidia ya haki, na ilipwe ndani ya siku 120 baada ya kuidhinishwa. Hakuna atakayefukuzwa mikono mitupu.

MCHUUZI: Mwanangu, fidia hiyo analipwa nani?

MTETEZI: Mwenye ardhi, mwenye mazao, mwenye nyumba.

MCHUUZI: Mimi sina ardhi pale. Mzee hana nyumba pale. Mwalo hauna hati. Kwa miaka yote nimekaa kwenye jiwe lilelile, nikinunua kwa mitumbwi ileile, na siku ukiweka uzio hakuna karatasi inayosema nilikuwepo. Mkulima wa mihogo atalipwa mihogo yake, nami sitaandikwa kwenye orodha yoyote. Sikatai sheria. Nakuonyesha pengo lililomo, na mimi nimo ndani ya pengo hilo.

MTETEZI: Lakini ukingo wenyewe unalindwa, mama. Mita 50 kutoka majini ni mali ya umma tangu agizo la 2010. Hata mwekezaji tajiri kiasi gani hawezi kuzinunua.

MTAALAMU: Hawezi kuzinunua, lakini anaweza kuzizunguka. Akimiliki kilima chote juu ya mita 50, na njia za miguu zinazoshuka zikafungwa kwa geti, ukingo unabaki wa umma kwenye ramani na wa hoteli katika maisha. Anayefika pale ni mwenye boti au mwenye kadi ya uanachama. Tazama Bukavu, tusiende mbali: nyumba za kifahari zimeziba rasi zake, na mkazi wa kawaida anayeishi kwenye mji ulio ukingoni mwa maji anatafuta mahali pa kuyagusa. Na kule Paje, Unguja, akina mama walianza kulima mwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Baadaye zikaja hoteli na wachezaji wa tiara za baharini, wakawa wanagombania maji yaleyale ya kina kifupi. Bahari haikuuzwa. Ilibadilika matumizi, na aliyekuwa hana hati akaanza kuonekana kizuizi.

Maji yanayorudi ziwani

MVUVI: Mtaalamu, nisaidie kwenye maji. Nimesikia nyasi za gofu zinakunywa kuliko ng'ombe. Je, watatukausha?

MTAALAMU: Hapana, mzee, na ni vyema tuseme kweli ili hoja zetu zisimame. Kivu lina kina cha zaidi ya mita 480. Maji ya kunyweshea uwanja mmoja wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, hayataonekana yamepungua. Anayepinga gofu kwa hoja ya kukauka kwa ziwa atashindwa mbele ya mhandisi yeyote. Hatari iko kwenye maji yanayorudi. Nyasi fupi zinazozunguka mashimo hulishwa mbolea na hupuliziwa dawa za kuvu na wadudu. Mvua hubeba kilichobaki. Na Kivu si ziwa la kawaida: maji yake ya juu na ya chini hayachanganyiki. Kule chini kumejaa gesi ya methani na kaboni dayoksaidi, hakuna oksijeni, hakuna samaki. Samaki wote, sambaza wakiwemo, wanaishi kwenye tabaka la juu la mita 60 hivi. Kwa hiyo unapoambiwa ziwa ni kubwa litameza kila kitu, kumbuka kwamba sehemu inayotulisha ni nyembamba.

MTETEZI: Kuna namna ya kulizuia hilo. Bwawa la kukusanya maji chini ya uwanja, ukanda wa mianzi na matete, mbolea ya kupimwa. Viwanja vya siku hizi vinafanya hivyo.

MTAALAMU: Vipo vinavyofanya, na ningetaka kuliona bwawa kwanza, uwanja baadaye. Na vipimo vya maji vibandikwe kwenye ofisi ya kata kila msimu, kila mtu asome. Ila nami niwaambie wazee wangu: uchafu mwingi unaoingia ziwani leo hautokani na gofu. Chupa za plastiki kutoka miji ya pande zote mbili zinasafiri hadi mlangoni mwa bwawa la umeme la Ruzizi la kwanza, na kuna nyakati zimekwamisha mitambo. Mashamba yetu ya mteremko yanamwaga udongo kila masika. Kama tutamdai mwekezaji usafi, tujidai na sisi.

Kazi na kanuni

MTETEZI: Sasa kuhusu kazi. Uwanja unahitaji wakata nyasi, wapishi, madereva, na makedi. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya na Uganda walianza kwa kubeba mifuko ya wengine. Mtoto wa Kamembe anaweza kufika mbali.

MCHUUZI: Na kedi analipwa vipi?

MTETEZI: Kwa raundi, kwa kawaida. Anayecheza ndiye anayemlipa.

MCHUUZI: Basi siku isiyo na mchezaji haina chakula. Kazi hiyo naifahamu, ndiyo niliyo nayo sasa, ila mimi beseni ni langu na bei naipanga mwenyewe. Mwanangu akienda kubeba mifuko, nataka awe na mkataba na bima, na nataka acheze siku za katikati ya wiki bila kulipia. Klabu ikimweka mtoto wetu kwenye uwanja kama mbebaji tu, imemkaribisha nusu.

MTETEZI: Hayo yanaweza kuandikwa kwenye mkataba.

MCHUUZI: Yaandikwe. Wacheza gofu wanajua kuandika kanuni. Nimesikia kwamba kule Jinja, Uganda, mpira ukitua kwenye nyayo za kiboko, mchezaji anaruhusiwa kuuokota bila adhabu, kwa sababu viboko walikuwepo kabla ya klabu. Kivu halina viboko. Lina sisi. Kama klabu inaweza kutunga kanuni kwa ajili ya mnyama anayepita usiku, inaweza kutunga kanuni kwa ajili ya mama anayepita alfajiri.

MVUVI: Na mtumbwi unaotia nanga.

MTETEZI: Mama, hilo sina jibu nalo zaidi ya kukubali.

Msimamo wa mwandishi

Nimewasikiliza wote wanne, na naamini Mtetezi yuko sahihi kuhusu haja na amekosea kuhusu mpangilio. Rusizi inahitaji riziki mpya. Lakini ametanguliza uwanja, kisha ndipo anatafuta namna ya kuwaridhisha majirani. Mpangilio ugeuzwe, na wilaya hii ina mfano nyumbani kwake.

Mfano huo ni Nyungwe. Rusizi inapakana na msitu ambao Septemba 2023 uliandikwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwa muda mrefu watu wa kandokando ya msitu waliingia humo kukata kuni, kutega wanyama na kurina asali. Walipozuiwa, swali lilikuwa lile la Mchuuzi: asiye na hati analipwa nini? Mwaka 2005 Rwanda ilijibu kwa kuamua kwamba asilimia 5 ya mapato ya utalii ya hifadhi za taifa iende kwa jamii zinazopakana nazo. Mwaka 2017 ikapandishwa hadi asilimia 10. Fedha hizo zimejenga shule, vituo vya afya na mabomba ya maji, na zimeinua vyama vya ushirika. Jirani wa msitu hakuulizwa hati ya mti aliokuwa akiukata. Ilitosha kwamba anaishi hapo na kwamba maisha yake yamebadilishwa na uamuzi wa kuwaachia wageni mahali hapo.

Kanuni hiyo ni ya hifadhi za taifa. Hoteli ya ufukweni haimo ndani yake, wala uwanja wa gofu hautakuwemo. Mama wa kijiji cha kando ya Nyungwe ana fungu katika fedha anayolipa mgeni kuwaona sokwe. Mama wa mwalo, ndani ya wilaya ileile, hana fungu katika fedha anayolipa mgeni yuleyule kulitazama ziwa. Sioni sababu ya haki inayoweza kuitetea tofauti hiyo. Ziwa nalo ni maumbile ya taifa, nalo linauzwa kama mandhari, na watu wake nao wanafuata kanuni za kulihifadhi, hadi kukaa miezi miwili bila kuvua.

Kwa hiyo nasema hivi. Kwanza, kabla ya mkataba wowote wa gofu au hoteli mpya ukingoni mwa Kivu, wilaya ikae na vyama vya wavuvi na wachuuzi, iandike kila mwalo, kila uwanja wa kuanikia na kila njia ya miguu inayoshuka majini, na orodha hiyo iwe na nguvu ya sheria. Mita 50 bila njia ya kuzifikia ni ahadi isiyotimizwa. Pili, uwanja ukija ukae juu, mbali na maji, kwenye ardhi ambayo wenyewe wameridhia kuiacha, na bwawa la kuchuja maji litangulie kuchimbwa. Mashimo tisa yanatosha. Tatu, asilimia 10 ya msitu iwe asilimia 10 ya ziwa: sehemu hiyo ya mapato ya kila mradi wa utalii wa ukingoni iingie kwenye mfuko wa vyama vya mwaloni, na wao ndio wapange matumizi yake.

Wapo watakaosema masharti haya yatamfukuza mwekezaji. Kigezo chao, yaani kama utalii utakimbia au utabaki, nakikubali, nao wakubali matokeo yake. Utalii wa Nyungwe haukufa kwa asilimia 10. Umeendelea, na majirani wake sasa wana sababu ya kuulinda msitu. Mwekezaji anayeweza kufanya kazi tu pale ambapo jirani hana neno, biashara yake inajengwa juu ya ukimya wa wengine, na ukimya huo huisha siku moja, mara nyingi kwa ugomvi. Anayekubali masharti atapata kitu ambacho uzio hauwezi kumpa, nacho ni ulinzi wa watu walio macho ziwani usiku kucha.

Na kama hakuna anayeyakubali, Rusizi isilie. Itakuwa imebaki na mialo yake, sambaza wake na ukingo ulio wazi, pamoja na kanuni iliyoandikwa inayomsubiri mwekezaji wa pili. Hatari iko kwa wilaya inayosaini kwanza kisha ikaanza kuuliza mvuvi atatia nanga wapi. Orodha ya mialo haigharimu fedha nyingi. Ianze msimu huu, ziwa likifungwa, wakati wavuvi wote wako nchi kavu na wana muda wa kukaa kikao.